Sijambo Kidogo

Jumapili moja, katika mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, mke wangu aliamka kabla yangu. Akakuna nazi mbili kwa mbuzi, akapika wali, samaki wa kupaka na mchicha. Chakula cha kwao Tanga, kamili, mezani kabla ya saa saba mchana. Nikala. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Mwisho nikafuta mdomo, nikaegemea kiti na kusema kwa moyo mweupe kabisa: "Kinalika."

Mezani pakawa kimya. Mwenzangu akainuka, akakusanya sahani moja moja, na nilivyozisikia zikigongana kule jikoni nikajua kuna jambo. Siku tatu zilizofuata mazungumzo yetu yalikuwa mafupi sana: maji ya kuoga yapo, chakula kipo, usiku mwema.

Mpenzi msomaji, naomba uniamini. Nyumbani kwetu Mjimwema, pale Songea, "kinalika" ni medali. Marehemu baba sikuwahi kumsikia akisema "nzuri sana" hata mara moja. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akasema "si haba", kisha akamtuma mdogo wangu dukani akalete kreti nzima ya soda. Mwaka ambao mahindi yalijaa ghalani hadi magunia mengine yakalala sebuleni, majirani walipouliza alijibu, "Tumepata kiasi." Na asubuhi za Juni, upepo ukishuka kutoka milima ya Matogoro na maji ya ndoo yakiuma vidole kama siafu, sisi tulisema kuna kabaridi kidogo.

Usidhani ni uchoyo wa maneno. Baba alikuwa mtu wa kanisani, na Biblia ya Kiswahili, katika waraka kwa Wagalatia, inakitaja kiasi miongoni mwa matunda ya Roho. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kipimo. Kwa baba, mtu mwenye kiasi ni yule anayejua kupima: chakula, pombe, hasira, na zaidi ya vyote, ulimi wake. Kusema "sana" kulimwonea aibu, kama mtu anayejipigia makofi.

Sasa mchukue kijana aliyelelewa hivyo, umwozeshe binti wa Ngamiani, Tanga. Kwao kila kitu ni sana, ni mno, ni mashallah. Chai ni tamu mno. Mgeni amependeza ajabu. Mama mkwe wangu akinipigia simu dakika mbili tu, nakata nikiwa nimesifiwa kuliko nilivyosifiwa na baba yangu miaka yote. Mimi nikaona wenzetu wanatia chumvi. Mke wangu akaona ameolewa na jiwe.

Siku ya tatu ya ile nuna, usiku, taa imeshazimwa, akaniuliza polepole: "Hivi wewe, una furaha na mimi?"

Nikafikiri. Nikapima, kama nilivyofundishwa. Nikajibu: "Kiasi."

Akageukia ukutani. Na mimi, mwenye shahada ya mawasiliano, mtu ninayelipwa mshahara kusahihisha maneno ya wenzangu, nikalala usingizi mzuri tu nikiamini nimemjibu mke wangu vizuri.

Mzungu alivyoniponza

Cha ajabu ni kwamba jambo hilihili lilikuwa limeshanikuta huko nyuma, tena kwa Kiingereza.

Kabla sijaingia kwenye majarida nilikuwa naandaa vijitabu vya Kiingereza kwa ajili ya mradi mmoja wa wafadhili. Mshauri wetu alikuwa Mwingereza, mtu mzima, mpole. Nilipompelekea kijitabu changu cha kwanza alikisoma chote, akakiweka mezani, akasema: "It's quite good." Basi bwana! Mwalimu wangu wa sekondari alitufundisha kwamba "quite" ni "kabisa". Nzuri kabisa! Jioni nikawanunulia washikaji chipsi mayai, nikajiona bingwa. Kesho yake asubuhi kijitabu kikarudi, wino mwekundu kila ukurasa, kama kuku aliyechinjwa vibaya.

Miezi michache baadaye akaja mshauri mwingine, Mmarekani. Akasoma, akatamka maneno yaleyale mawili. Nikakaa nikisubiri wino mwekundu. Haukuja. Kijitabu kikaenda kuchapwa kama kilivyo.

Nikaanza kuchimba. Kumbe "quite good" ya Mwingereza mara nyingi ni nzuri ya kiasi, inapita, lakini usishangilie; ya Mmarekani kwa kawaida ni nzuri hasa. Na hata kwa Mwingereza yuleyule neno halitulii. Likiwekwa mbele ya sifa yenye ngazi, kama uzuri au joto, linashusha. Likiwekwa mbele ya sifa isiyo na ngazi, kama kutowezekana, linakuwa "kabisa": kitu ni "quite impossible", yaani hakiwezekani hata ufanyeje. Mwalimu wangu hakukosea, alinipa nusu moja ya neno. Tena hiyo ndiyo nusu ya zamani, maana ukoo wa neno hilo ni wa mtu aliyelipa deni lake lote akawa huru. Ule unyonge wa "kiasi" uliliingia baadaye sana. Na sauti nayo ina kazi yake. Mwingereza akikazia "quite", sifa inashuka. Akikazia "good", inapanda.

Wenye lugha yao wana familia nzima ya maneno haya ya katikati, na kila mmoja ana tabia yake. "Fairly" hupenda kukaa na mambo mazuri. "Rather" hupenda mabaya, au mazuri yaliyomshangaza msemaji. "Pretty" ni la mazungumzo, na hupanda juu kidogo ya wenzake. Mwaka 1997 mtaalamu wa lugha Carita Paradis alichapisha huko Lund, Sweden, kitabu kizima kuhusu maneno ya namna hii katika Kiingereza cha kuongea cha Waingereza. Alitumia hazina ya mazungumzo yaliyorekodiwa, yenye takriban maneno nusu milioni. Nilipokutana na kazi yake, hoja moja ilinikaa: neno la kipimo na sifa linayoipima huchaguana. Ukilitoa neno peke yake ukaliuliza uzito wake, halikujibu.

Nikajiona nimeerevuka. Kumbe nilikuwa nimejifunza Kiingereza cha bosi, Kiswahili cha chumbani kwangu bado!

Kidogo ambazo si kidogo

Hebu tujitazame wenyewe. Rafiki akikwambia "nina shida kidogo", wewe unaangalia kwanza salio lako kwenye simu. Ukiwa shamba, ukauliza njia ukaambiwa "hapo mbele kidogo", beba maji ya kunywa. Tukisema fulani "amechangamka kidogo", kila mtu anajua ameshafika chupa ya ngapi. Wanafunzi wetu wa kidato cha nne wakipata alama kuanzia 30 hadi 44 wanapewa D, na D hiyo rasmi inaitwa "inaridhisha". Muulize mzazi yeyote kama ameridhika.

Halafu ipo ile moja ambayo hatuichekei. Simu inaingia usiku: "Mzee anaumwa kidogo, jitahidi uje." Wengi wetu tumeshapanda basi kwa sentensi hiyo, tukafika nyumbani na kukuta turubai limefungwa na watu wamekaa kwenye mikeka. Hakuna aliyetudanganya. Ndivyo tunavyobebeana habari nzito, tunaifunga kwenye kitambaa ili mtu asianguke njiani.

Nayajua haya yote. Na bado Juni ya mwaka 2022 nusura yanipite.

Ilikuwa wiki ya kufunga toleo. Jumatatu nikampigia mama, kama kawaida yangu. "Shikamoo mama, hujambo?" Akajibu, "Marahaba. Sijambo kidogo, baba. Wajukuu wangu wazima?" Mimi nikasikia "sijambo". Lile la mwisho nikalipita, nikarudi kwenye kurasa zangu.

Alhamisi mdogo wangu akapiga. "Kaka, mama anaumwa kidogo. Lakini usiwe na wasiwasi, tupo naye."

Jioni nikamwambia mke wangu wakati anakunja nguo. Nikasema kwa sauti ileile ya kupima: mama anaumwa kidogo, nitakwenda kumwona nikishafunga toleo. Akaacha kukunja. Shati langu likabaki mikononi mwake.

"Kidogo ya wapi?" akauliza. "Ya kwetu au ya kwenu?"

Sikumwelewa.

"Mume wangu, nyinyi ni watu ambao samaki wangu wa kupaka mlimwita kinalika. Sasa ugonjwa mnaouita kidogo, huo ukoje?"

Akachukua simu yangu, akampigia mdogo wangu mwenyewe. Hakumuuliza mama ana hali gani. Aliuliza, "Shemeji, mama leo amekula nini?" Uji. "Kikombe kizima?" Hata nusu hakumaliza. "Anakwenda chooni mwenyewe?" Hapo upande wa pili ukanyamaza, mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha mdogo wangu akasema: "Anashikwa." Tangu lini? "Tangu Jumapili."

Jumapili. Yaani Jumatatu ile mama ananiambia sijambo kidogo na kuniulizia wajukuu, alikuwa tayari hawezi kusimama peke yake.

Maneno yaleyale mawili

Watoto tukawaacha kwa dada yangu, toleo nikamwachia msaidizi wangu, na Ijumaa kabla ya mapambazuko tulikuwa stendi ya Mbezi. Ni zaidi ya kilomita 900. Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Njombe, na kote huko hatukuzungumza sana. Usiku basi lilipoingia stendi ya Songea, pale Shule ya Tanga, mwenzangu akasoma kibao akatabasamu kwa uchovu: "Kumbe nimefika kwetu." Tukachukua bajaji mpaka Mjimwema.

Mama alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili na bado anatetemeka. Pumzi zake zilikuwa fupifupi, kama za mtu aliyetoka kukimbia. Akafungua macho, akatuona, akasema: "Mmejisumbua bure. Naumwa kidogo tu."

Usiku uleule tukampeleka hospitali. Nimonia, mapafu yote mawili. Daktari, kijana wa umri wangu, alitutoa nje ya wodi akatuambia hali ya mama "si nzuri sana". Mke wangu akaangua kilio palepale. Alikuwa ameshaielewa lugha yetu kuliko mimi mwenyewe. Wakamwekea mama oksijeni na dawa za mshipani. Tukakaa kwenye benchi la korido tumejifunika kanga zake mbili, na hiyo baridi ya Songea sikuiita kidogo tena.

Siku ya nne asubuhi niliingia na chupa ya chai. Mama alikuwa ameketi, mto mgongoni. Nikamwamkia, nikamuuliza hali. Akanitazama, akavuta pumzi ndefu, pumzi kamili, ya kwanza niliyoisikia tangu tufike.

"Leo sijambo kidogo," akasema.

Nikatoka nje ya wodi kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja. Yalikuwa maneno yaleyale mawili ya Jumatatu, hayakuongezeka wala kupungua herufi. Jumatatu yalimaanisha mama anashuka kutoka kwenye uzima wake. Siku hii yalimaanisha anapanda kutoka shimoni. Tofauti haikuwamo kwenye neno. Ilikuwa kwenye mahali alipotoka nalo, na mahali hapo mimi kwenye simu sikupauliza.

Hapo ndipo nilipoielewa hata "quite" ya yule Mwingereza. Maneno ya katikati hayana mahali pao pa kukaa. Ni kama mtu uliyekutana naye katikati ya kilima. Ukimtazama tu amesimama hujui kama anapanda au anashuka. Lazima umuulize ametokea wapi.

Alipopata nguvu nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia ukweli. Akashangaa. "Nilikwambia. Nilisema kidogo." Kisha akaongeza: "Ningesema naumwa sana, ungefanya nini usiku ule? Ungekaa macho tu. Kidogo inampa mtu nafasi ya kulala." Sikuwa na jibu. Neno lililokaribia kunifanya nimkose, yeye alilitoa kama shuka la kunifunika.

Tupimiane vipi?

Najua unaposoma hapa unaweza kuwa na mwenzi wako pembeni. Labda jana ulimuuliza kazi ikoje akasema "siyo mbaya". Labda ulimuuliza kama bado amekasirika akasema "kidogo". Tafadhali usiyachukue maneno hayo ukayapima kwa mzani wa kwenu. Kila nyumba ina mzani wake, na watu wawili wakioana wanaleta mizani miwili ndani ya chumba kimoja. Sisi wakati wa uchumba tunaulizana dini, kabila, na kama mtu anakunywa pombe. Sijawahi kusikia mchumba anayeuliza: kwenu chakula kikiwa kitamu huwa mnasemaje?

Mimi nilichojifunza kwa mke wangu ni kwamba neno la kipimo likikupa mashaka, liache, uliza kitu kinachoonekana. Umekula? Umelala saa ngapi? Jana ilikuwaje ukilinganisha na leo? Kuuliza "una furaha?" kunaleta "kiasi". Ukimuuliza mtu ni kitu gani wiki hii kilimfurahisha, atakupa kisa kizima, na ndani ya kisa hicho utaona mwenyewe furaha yake ilifika wapi.

Na kwa wenzangu tuliofundishwa kiasi: ni tunda zuri, mimi sijalitupa. Lakini mtu aliyeamka alfajiri kukukunia nazi hastahili kupewa sifa inayohitaji mkalimani. Siku hizi nasema "tamu sana". Ulimi bado mzito, nalitamka kama neno la kigeni, na mke wangu anacheka kila mara. Lakini nalisema.

Siku mbili kabla hatujaondoka Songea, mama akiwa amesharudi nyumbani, mke wangu aliingia jikoni mwake. Nazi aliipata sokoni kwa shida, samaki alikuwa mbasa wa Ziwa Nyasa. Mama alikula taratibu, akamaliza, akanyonya na mifupa. Akanawa mikono. Akamtazama mkwewe kwa muda.

"Mama," akamwambia, "kinalika."

Nilimwangalia mke wangu. Safari hii hakukusanya sahani. Alibaki ameketi palepale mkekani, macho yamemjaa machozi, anatabasamu kama mtu aliyevishwa medali.

Mama bado nampigia kila Jumatatu. Namwamkia, naulizia majirani, kisha namuuliza amekula nini. Wiki iliyopita alinijibu: ugali na dagaa wa Nyasa.

"Nimemaliza," akasema.